Ndege Iliniacha Nikigombania Dumu la Togwa

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mjane, mama wa watoto watatu, mkazi wa Mshangano hapa Songea. Nalima mahindi na maharage, na mboga zangu nazipeleka sokoni Majengo. Si mtu wa kuandika, na waliosoma nami watashangaa kuona jina langu likiwa chini ya maneno mengi namna hii. Lakini kuna kitu kimenikaa kifuani, hakipandi wala hakishuki... nimeona nikitoe kabla hakijanimaliza.

Nina kaka mmoja tu, Deo. Wazazi wetu walifariki nikiwa bado sijui hata kujifunga khanga. Kaka Deo aliacha shule akaenda kufyatua matofali ya watu ili mimi nile. Sare yangu ya kwanza ya shule alininunulia yeye, ikanipwaya, akasema atanikuza mpaka inienee. Alinikuza kweli. Baadaye alikwenda Dar es Salaam, akawa fundi wa magari, akaoa huko. Wifi yangu Selina ni mtu mwema, namtaja mapema ili asije akatiliwa shaka katika mkasa huu.

Mwaka jana kaka alianza kuumwa kichwa. Tulidhani ni shinikizo la damu, tukadhani ni malaria, tukadhani kila kitu isipokuwa kilichokuwepo. Walipompiga picha wakakuta uvimbe ndani ya kichwa. Madaktari wakasema wanaweza kumpasua na kumwokoa, lakini uvimbe ulikuwa umekaa pabaya, karibu na pale panapoendesha maneno. Wakamweleza wazi kwamba anaweza kuamka mzima, lakini kuongea ndiyo ikawa basi.

Akanipigia simu.

"Mlongo," aliniambia. Kwetu Ungoni hivyo ndivyo unavyomwita ndugu yako wa damu, na yeye hakuwahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. "Mlongo, njoo kabla hawajanipasua. Nina neno la kukuambia."

Nikamwambia, "Kaka, niambie sasa hivi."

"Hili si la simu. Nataka nikuambie nikiwa nakuona."

Wenzake wa gereji, Mungu awabariki, walichanga wakanikatia tiketi ya ndege. Walijua miguu yangu huvimba kama magogo nikikaa kwenye basi safari ndefu. Ndege ingenifikisha Dar mchana, na kaka angeingia chumba cha upasuaji kesho yake asubuhi. Ilionekana inatosha. Jioni nzima ya kukaa naye, kumsikiliza, kumshika mkono! Ningejua, ningepanda basi siku ile ile aliyonipigia, na miguu ivimbe inavyotaka.

Tiketi ilikuja kwenye simu, maandishi madogo madogo ya Kiingereza. Sikuhangaika nayo. Binti yangu yuko sekondari, angeweza kunisomea, lakini niliona aibu mtoto ajue kwamba mama yake hajui hata mlango wa ndege unafunguliwa wapi. Na kwa nini nihangaike na maandishi wakati nina shoga yangu Mama Shufaa?

Niwaeleze huyu Mama Shufaa. Ni mtu wa Tunduru, kwao ni Nakapanya, Mwislamu mwenye heshima zake. Aliletwa Songea na biashara ya korosho, akafungua duka la vitenge pale Majengo, akajenga nyumba jirani na yangu. Mara kwa mara alikuwa anakwenda Dar kufuata mzigo, na kila aliporudi tulikaa barazani kwake tukamsikiliza. Alituambia mawingu ukiyaangalia kwa juu ni kama sufi iliyomwagwa. Alituambia wahudumu wa ndege walishamjua, akiingia tu wanamletea soda kabla hajaomba. Mtaani tukamwita Mama Ndege, na yeye hakukataa jina.

Basi nikamwendea. Nikamwambia, shoga, napanda ndege kwa mara ya kwanza, nisije nikaaibisha watu. Alinikumbatia akasema, "Dada, hapo umefika. Utapanda kama uliyezaliwa humo."

Akanifundisha. Alipanga viti vya plastiki sebuleni kwake kwa mstari, akanikalisha, akanifunga kitenge kiunoni akisema huo ndio mkanda. Aliniambia nisile maharage usiku wa kuamkia safari, tumbo litajaa hewa huko juu. Nibebe pipi ya kutafuna kwa sababu ndege ikipanda na ikishuka masikio yanaziba, na nisipokuwa na pipi nimeze mate. Nivae viatu vilegevu kwa ajili ya miguu yangu, niichezeshe vidole kila baada ya muda. Nibebe kitenge kizito, kule juu kuna baridi kama ya milima ya Matengo. Nilikuwa nacheka na kuitikia. Hayo yote, wasomaji, baadaye nilikuja kujua kwamba ni ya kweli. Alikuwa ameyasikia mahali, kwa watu.

Lakini ya mzigo je?

"Shoga, mzigo vipi, wanapima?"

"Wanapima wa mkononi. Ule wa kuingia tumboni mwa ndege hauna shida. Ndege ina injini mbili, itashindwa na maharage yako?"

"Na muda wa kufika uwanjani?"

"Dada, ndege yenyewe inatoka Dar. Ukiiona inashuka, ndipo unatoka nyumbani. Ukiwahi sana utakaa juani bure, wallahi."

Nikaamini. Mtu anayeletewa soda na wahudumu, nimpinge mimi muuza mboga?

Habari ikaenea kwamba Mama Beni, ndiyo mimi, anakwenda kumwona Deo, na wanaoijua Songea wanajua kilichofuata. Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na anayesafiri hasafiri peke yake, anasafiri na salamu za ukoo mzima. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walileta unga wa ulezi, maharage, karanga. Jirani mmoja akaleta dagaa wa Nyasa waliokaushwa vizuri, wakanukia chumba kizima. Mama Shufaa mwenyewe alileta korosho za kwao, mfuko umeshiba. Mjomba akaleta jogoo mwekundu na kikapu chake, akasema mgonjwa anahitaji supu ya kuku wa kienyeji, si hao wa Dar wanaolelewa na taa.

Shangazi Anastazia, dada yake marehemu baba, yeye alileta togwa, kile kinywaji chetu cha nafaka. Dumu zima. Aliipika mwenyewe kwa kimea cha ulezi, kwa sababu kaka Deo tangu mtoto hakuwahi kukataa togwa ya shangazi. Nilimpa shikamoo, nikamwambia, shangazi, hii nayo itaingia ndegeni? Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Sikukataa kitu cha mtu. Utamkataliaje mtu unga wake alioupepeta kwa machozi? Ukikataa watasema ndege imekupandisha kichwa kabla hujaipanda.

Siku ya safari nilikuwa tayari tangu asubuhi. Nilikaa uani nikiangalia juu. Nilipoisikia ndege inanguruma na kuiona inashuka upande wa Ruhuwiko, nikasema haya twendeni. Tulijaza bajaji mbili, mimi, shangazi, Mama Shufaa, mjomba, jogoo na mizigo. Njiani dumu la togwa likaanza kutoa povu kwa joto na kutikisika. Shangazi akalikumbatia mapajani kama mtoto mwenye homa.

Tulipofika uwanjani, abiria wengine walikuwa wameshakabidhi mizigo yao na kuingia ndani. Kijana wa kaunta aliniangalia, akaangalia foleni yangu ya magunia, akauliza, "Mama, unasafiri na nani?"

"Peke yangu, mwanangu."

Akaweka mizigo kwenye mizani. Nikaona uso wake unabadilika. Akasema kwa upole kabisa kwamba mzigo umezidi mno, tiketi yangu inaruhusu kilo ishirini tu na begi dogo la mkononi, na imeandikwa hivyo hivyo kwenye simu yangu. Togwa hairuhusiwi kabisa kwa jinsi ilivyofungwa, ikipasuka huko chini italoanisha mizigo ya watu. Jogoo ndiyo kabisa, mnyama hapandi bila kupangiwa mapema.

Nikamgeukia Mama Shufaa. Alikuwa anaangalia kandambili zake.

"Shoga, ongea nao. Wanakujua."

Akazidi kuinamisha kichwa. Nikadhani ameduwaa kama mimi.

Nikamwambia yule kijana tutalipia kinachozidi, mjomba akaanza kujipapasa mifukoni. Kijana akatikisa kichwa. Ndege ni ndogo, leo imejaa, hata tukilipa haitaongezwa kilo. "Punguza, mama. Acha hivi vitu kwa hawa waliokusindikiza. Fanya haraka, tunakaribia kufunga."

Jambo dogo tu, sivyo? Mtu yeyote mwenye akili angeacha. Lakini sasa niwaambie kitu cha kwetu, ambacho yule kijana hakukijua na mimi nilikinyonya na maziwa. Katika ukoo wetu, chakula kilichofungwa kwa ajili ya mgonjwa hakirudi nyumbani. Kikishatoka mlangoni kimetoka. Kikirudi, maana yake mgonjwa hahitaji kula tena.

Nilishika gunia la unga nimpe mjomba. Shangazi akanishika mkono.

"Chakula cha mgonjwa hakirudi nyumbani," akasema. "Ukikirudisha, umemzika Deo ukiwa umesimama hapa."

"Shangazi, ndege inaniacha."

"Baba yenu alipolazwa, mama yenu alifika mtoni akakuta maji yamejaa, akarudi na uji wake. Unakumbuka kilichofuata? Hukumbuki. Ulikuwa mgongoni."

Nikasema basi tuwagawie watu walio hapa nje, walinzi, madereva wa bajaji. Akaniuliza, "Utampa nani kifo cha ndugu yako?"

Ndipo nilipofanya kichaa changu. Nilifungua begi langu mbele za watu nikaanza kutoa nguo zangu, si chakula. Nikavaa magauni yangu moja juu ya jingine, nikajifunga vitenge, jasho linanitoka. Nikatupa viatu vya kanisani kwa mjomba. Tukapima tena. Bado. Nikatoa karanga nikazijaza kwenye mkoba wa mkononi, nikafunga korosho kiunoni ndani ya khanga. Tukapima tena... bado! Unga ukapasuka, ukamwagika kaunta nzima. Kijana wa watu akawa anapangusa kompyuta yake kwa mkono wa shati, ananisihi, "Mama, tafadhali, acha hivi vitu. Tafadhali." Nami nimeng'ang'ania dumu la togwa, shangazi ameng'ang'ania mkono wangu, jogoo anapiga kelele kikapuni.

Halafu sauti ya kaka ikanijia. Nataka nikuambie nikiwa nakuona. Nikaliachia dumu. Nikasema, "Acheni vyote. Chukueni vyote. Naenda mikono mitupu."

Yule kijana akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani naye alikuwa na ndugu mahali. Akasema, "Tumeshafunga, mama. Samahani sana. Wameshafunga na mlango wa ndege."

Nilitoka nje nikashika uzio. Niliiona ikigeuka, nikaiona ikikimbia, nikaiona ikiinuka na kiti changu kikiwa kitupu. Nilikuwa nimevaa magauni manne, korosho kiunoni, unga usoni. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Nikampigia kaka. Nilishindwa hata kupanga uongo, nikamwambia kama ilivyokuwa. Halafu nikasikia anacheka.

"Togwa? Mlongo, umeachwa na ndege kwa sababu ya togwa ya shangazi?"

Alicheka mpaka akakohoa, nikamsikia wifi anamwambia ajilaze. Nikamwambia, kaka, nisamehe, niambie basi hilo neno sasa, kwa simu. Akasema, "Njoo tu. Panda basi. Nitakusubiri."

Basi la karibu nililolipata lilikuwa linaondoka jioni ile. Mama Shufaa alinisindikiza stendi, na mizigo yote tukaitoa uwanjani moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Njia nzima alikuwa analia kuliko mimi, nikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Nikamwambia, shoga, si kosa lako, labda sheria zimebadilika tangu safari yako ya mwisho.

Tulipofika kwa wakala wa tiketi, yule wakala akamwona Mama Shufaa, uso ukamchangamka.

"Mama Shufaa! Karibu mteja wetu. Nikupe siti yako ile ile ya dirishani, au leo kuna mabadiliko?"

Nilidhani amemfananisha. Nikamwambia, kaka yangu, huyu husafiri kwa ndege. Wakala akacheka, akasema, "Ndege gani? Huyu tangu naanza kazi hii ni wa kwetu. Hata mwezi uliopita alikwenda na kurudi nasi."

Nilimgeukia. Mama Shufaa akakaa juu ya gunia langu la maharage.

"Sijawahi kuipanda hata siku moja, dada," akasema. "Naiogopa. Nilisema mara ya kwanza kwa kujifaharisha tu, mkaniamini. Baadaye nikashindwa kurudi nyuma. Ulipokuja kuniuliza nilitaka kukuambia, wallahi nilitaka... lakini ulikuwa unaniangalia vile mnavyoniangaliaga."

Wasomaji, nimewahi kufiwa na mume. Nimewahi kuona shamba langu limeliwa na viwavi mpaka bua la mwisho. Lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale stendi. Adui angenidanganya, ningesema ni adui. Huyu alinidanganya kwa sababu alitaka kupendeza machoni pangu!

Sikumtukana. Sikuwa na pumzi ya kutukana. Nilipanda basi, na utingo akapakia vitu vyote kwenye buti bila kupima chochote. Jogoo alisafiri chini ya miguu yangu.

Usiku ule sitausimulia, nilisali mpaka rozari ikaniachia alama kwenye vidole. Kulipopambazuka tulikuwa Mikumi. Simu ikaita. Ni kaka.

"Umefika wapi?"

"Mikumi, kaka."

"Basi umekaribia. Wanakuja kunichukua sasa hivi."

Nikamwomba. Nililia ndani ya basi mbele ya abiria, nikamwambia, kaka Deo, kwa jina la mama yetu, niambie. Nikasikia magurudumu ya kitanda, nikasikia nesi anasema simu sasa basi, mzee. Kaka akasema, "Usilie. Nitakuambia nikitoka."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwa kaka yangu.

Nilifika hospitali jua limeshapanda, miguu imevimba mpaka kiatu hakivuliki. Wifi Selina alikuwa kwenye benchi. Aliponiona alinishika mikono yote miwili, akaniambia kabla hawajamwingiza alikuwa anaangalia mlangoni. Kila aliyeingia alimwangalia usoni, kisha akageuza kichwa.

Hakufa. Shangazi hupenda kusema ni kwa sababu chakula hakikurudi nyumbani. Mimi simbishii, amezeeka, na huenda kinampa usingizi. Aliamka baada ya siku kadhaa. Nilikuwa kando ya kitanda. Alinitambua! Machoni mwake niliona amenitambua, akafungua mdomo... ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ilimsimama, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na kwenye mdomo ikatoka pumzi tupu. Kisha machozi yakamteremka kuelekea masikioni, nami nikayafuta kwa pindo la khanga.

Madaktari walisema anasikia, lakini maneno yamemchanganyikia, huenda hata anachosikia hakipangiki kichwani. Upande wa kulia hauna nguvu. Walimlisha kwa mpira unaopita puani, na uji wenyewe ulikuwa ule wa ulezi wa jumuiya, tumeuchuja ukawa maji. Togwa ilifika imechacha, wifi akaimwaga nyuma ya nyumba.

Baada ya miezi kadhaa mpira ulitolewa, akawa anameza mwenyewe, tukakubaliana kaka aje Songea nimtunze, wifi arudi kazini ili dawa zipatikane. Na wale wa gereji wakachanga tena. Ndiyo, wasomaji. Ndege.

Safari hii nilikwenda mwenyewe ofisini kwa wenye ndege nikasimama dirishani nikasema, mimi sijui kitu, nielezeni kama mtoto. Wakanieleza bila kunicheka. Wakasema mgonjwa kama huyu anahitaji barua ya daktari kwamba anaweza kuruka, na kiti cha magurudumu kiombwe mapema si siku ya safari. Dawa zake zikae mkononi, zisiingie tumboni mwa ndege. Begi letu nililipima nyumbani kwa wifi, kwa mizani ya Mpemba mwenye duka jirani. Tulifika uwanjani mapema mno, tukakaa kwenye viti vya baridi mpaka nikachoka kuangalia ndege za watu.

Ndipo nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ilipoinuka masikio yakaziba kama alivyosema Mama Shufaa. Nikameza mate. Nikamwekea kaka pipi laini mdomoni kidogo, nikaona koo lake linameza. Nilimfunika kitenge. Nikachezesha vidole vya miguu yake kwa mkono wangu, kimoja kimoja, damu isikwame. Mhudumu akaleta maji. Dirishani mawingu yalikuwa kama sufi iliyomwagwa, kweli kabisa, na nililia kwa hasira kwamba hata hilo lilikuwa kweli.

Tulipoanza kushuka na milima ya kwetu ikaonekana, kaka aliinua kidole akakiweka kwenye kioo. Mdomo ukafunguka. Nikasogeza sikio mpaka likagusa midomo yake.

Ikatoka pumzi.

Sasa yuko hapa kwangu Mshangano. Namtoa barazani asubuhi apate jua, namlisha uji, namgeuza. Na kila siku namuuliza. Kaka, ulitaka kuniambia habari za mama? Akanibana kidole, nikafurahi nikadhani nimepata. Ulitaka kuniambia habari za shamba? Akanibana. Una mtoto mahali nisiyemjua? Akanibana. Nilikukosea? Akanibana. Nimeuliza kila kitu ambacho binadamu anaweza kumwambia ndugu yake, na kwa vyote amenibana kidole, akiniangalia kwa macho yale yale ya kunisihi. Hivi kuna adhabu kubwa kuliko hii?

Mama Shufaa huja kufua nguo za mgonjwa. Huingia kwa mlango wa nyuma, anafua, anaanika, anaondoka. Padre ameniambia nimsamehe, na mimi namwitikia padre. Lakini nikimwona kwenye kamba ya nguo pale, bado sijaweza kumwita aingie kwa mlango wa mbele. Mungu ananijua.

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mtapanda ndege siku moja, hata ninyi wa huku mashambani, maana siku hizi ndugu zetu wako mbali na magonjwa hayangoji basi. Nawasihi, usiulize safari kwa mtu mwenye sifa, uliza kwa wenye ndege wenyewe. Sema "sijui" mapema, ukiwa bado nyumbani, kuliko kuisema kaunta unga ukiwa usoni. Mpe mtoto wako akusomee tiketi yako, aibu yake ni ya dakika moja. Na ndugu wakikuletea magunia, wabusu mikono, wapigie magoti ukilazimika, lakini uwaache nayo. Shangazi atanuna, halafu yataisha. Mimi leo ningetoa kila nilicho nacho shangazi awe amenuna.

Na wewe uliye mgonjwa, au uliye mbali, mwenye neno kifuani ambalo si la simu... nakuomba, lifanye la simu. Sema leo. Usimsubiri mtu afike.

Mimi mzigo wangu wote ulifika salama, hadi jogoo. Neno moja tu ndilo lililobaki njiani.